Ukaguzi Uanzie Kwenye Mkeka, Jamani

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio yametubana na bumu nalo ndo hivyo tena. Leo sitaki kulia njaa. Nataka kuongelea jambo linalotuhusu kila likizo: familia nzima inatoka kwenda kutembea, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu, halafu inakwama getini kwenye ukaguzi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Familia haikwami kwa sababu ya mashine. Inakwama kwa sababu anayejua taratibu hakumwambia asiyejua wakati mizigo inafungwa. Na kwenye familia nyingi za huku kwetu, huyo anayejua ni mimi na wewe tunaojiita wasomi.

Tukumbuke tulikotoka. Ukipanda basi Msamvu, kuku anapanda, kiroba cha ndizi kinapanda, panga lililoviringishwa gazeti nalo linapanda. Konda ana swali moja tu: nauli. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kati ya Dar na Moro, na pale stesheni ya Kihonda mambo ni mengine. Begi linapita kwenye mashine, na tiketi inaendana na kitambulisho chako. Kwa bibi aliyeteremka kutoka Mgeta au Kinole, hiyo inaweza kuwa mashine ya kwanza ya aina hiyo maishani mwake. Ukimpeleka Nane Nane pale Tungi, au ukiwapeleka wadogo zako kwenye mabwawa ya kuteleza Kunduchi, usishangae begi likifunguliwa tena.

Wapo wanaosema huu ni usumbufu tu. Mimi nakataa. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani pale Dar ulilipuliwa, watu 11 wakafa, na Nairobi siku hiyo hiyo wakafa zaidi ya 200. Septemba 2013 likatokea la Westgate, nalo likaua watu 67, wakiwemo waliokwenda kununua vitu na watoto wao. Askari anayefungua begi lako anamlinda huyo bibi. Tumheshimu.

Sasa tufanyeje? Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba huingii darasani bila andalio la somo. Basi andaa na safari. Usiku ule mwaga kila kitu kwenye mkeka, bibi na watoto wakiona. Kisu cha kumenyea machungwa kinabaki, menya nyumbani uweke kwenye kontena. Wembe, kiberiti na dumu la mafuta ya taa vinabaki. Bastola ya plastiki ya mdogo wako nayo inabaki, hata akilia. Dawa za presha ziache kwenye pakiti yake. Na ugoro jamani! Unga uliofungwa kwenye kikaratasi ndani ya pindo la kanga utaulizwa maswali mpaka treni iondoke. Uweke kwenye kikopo chake.

Vitambulisho na tiketi vikae kwa mtu mmoja. Funguo, sarafu na simu ziwe kwenye kifuko kimoja. Kwenye foleni mtu mzima mmoja atangulie kupokea watoto upande wa pili, mwingine afunge mstari, bibi akae katikati. Halafu mweleze kabla, kwa Kiluguru kama ndiyo lugha anayoielewa vizuri: mama, anayeweza kukupapasa ni askari wa kike, na pesa yako ya kwenye pindo hakuna atakayeichukua. Fika mapema, maana haraka ndiyo inayozaa maneno makali.

Lakini wenye mageti nao wasikie. Kumwambia mtu kwamba kitu hakiruhusiwi wakati tayari yuko mdomoni mwa mashine, watu hamsini wako nyuma yake, huko si kuelimisha. Anayeuza tiketi aseme pale pale anapouza, kwa Kiswahili cha kawaida, na ujumbe wa simu urudie. Na pawepo mahali pa kuacha kitu mpaka mtu arudi. Kisu cha mama wa Matombo kina bei yake, na kesho atakihitaji shambani.

Kwa nini nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu mtoto anaangalia. Akimwona bibi yake anafokewa, kanga imefunguliwa na ndizi zimetawanyika chini, hajifunzi usalama. Anajifunza kwamba treni na bustani za kuchezea ni za watu wengine. Somo hilo likishaingia, sisi tutakaokuja kumfundisha darasani tutapata kazi ngumu sana kulitoa.

Likizo ndiyo hiyo inakuja. Tandikeni mkeka mapema.