CHOMBO KIMOJA, FISHI MOJA



Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo naomba ruhusa kuongeza neno dogo: mali yenye madaftari mawili hupotea huku kila mtu anaamini kwamba ipo.

Nasema juu ya kile chombo cha kupima hewa ambacho mfanyakazi anakifunga kifuani kabla ya kushuka shimoni. Kila chombo kina fishi yake ndani ya kompyuta ya usalama. Fishi hiyo inaonyesha namba ya chombo, siku kilipopimwa kwa gesi ya majaribio, siku kilipolia, na jina la mtu aliyekibeba. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini inatokea chombo kimoja kuwa na fishi mbili, na kompyuta kuamini kwamba vyombo ni viwili. Mtu mmoja akipewa posho mara mbili, kampuni inapoteza pesa. Chombo kimoja kikiandikwa mara mbili, tunaweza kupoteza mtu.

FISHI YA PILI INATOKA WAPI?

Haitoki kwa wachawi. Chombo kinapelekwa kwa fundi, naye anabadilisha kadi ya umeme iliyo ndani. Kinarudi na namba mpya tumboni na namba ya zamani mgongoni. Programu haina macho ya kuona kwamba ni kile kile cha jana, basi inakifungulia fishi mpya. Mara nyingine umeme unakatika, karani anaandika kwenye karatasi, na anapoingiza katika kompyuta baadaye anaweka herufi O mahali pa sifuri. Kwetu sisi ni kosa dogo la kidole. Kwa kompyuta ni chombo kingine kabisa.

Sasa fikiri, ndugu. Fishi ya kwanza inasema: chombo hiki kimepimwa, ni kizima. Fishi ya pili inasema: chombo hiki kimelia mara tatu wiki hii. Mkubwa wa usalama anasoma ya kwanza na kutulia. Ya pili haisomwi na mtu, maana inaonekana kama fishi ya chombo kisichojulikana. Wakati huo pua ya chombo, yaani kile kidude cha ndani kinachonusa sumu, inazidi kuzeeka. Pua za namna hiyo kwa kawaida zinadumu miaka 2 au 3, nyingine zaidi kidogo, kama fabrika inavyoandika. Kama umri wake umeandikwa katika fishi moja na kazi yake katika fishi nyingine, nani atajua kwamba imechoka?

KWA NINI MTU WA DISPANSERI ANASEMA HAYA?

Wengine watauliza: habari za kompyuta zinamhusu nini msaidizi wa daktari? Zinamhusu sana.

Sumu tunayoiogopa zaidi inaitwa kaboni monoksidi. Inatoka katika moshi wa injini, katika baruti baada ya kulipua, katika moto na katika makala. Haina harufu wala rangi. Ikiingia katika damu inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa Bois du Cazier kule Marcinelle, Ubelgiji, moto uliwaka shimoni na watu 262 wakafa. Wengi wao hawakuguswa na moto. Waliuawa na hewa yenye sumu hiyo.

Na sumu hii ni mwongo mkubwa. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anachoka, anaona kizunguzungu. Hapa Kisangani, mtu mwenye dalili hizo anasema nini? Anasema malaria. Mke wake anasema malaria, jirani anasema malaria. Tena anaweza kupimwa na ile kadi ya haraka ikaonyesha malaria kweli, maana kadi za namna nyingi zinaendelea kuonyesha hivyo wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dawa. Hata kile chombo kidogo tunachokibana kwenye kidole ili kujua oksijeni ya damu kinadanganywa: kinaona damu nyekundu, kinaandika 98, na mgonjwa bado ana sumu.

Kuna jambo lingine. Mtu akishatoka shimoni na kupumua hewa safi, nusu ya sumu inaondoka katika damu baada ya muda wa saa 4 mpaka 6 hivi. Akipewa oksijeni safi, muda unapungua mpaka saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana mtu akifika kwetu jioni au kesho yake, damu yake haina tena ushahidi wa kutosha. Shahidi anayebaki ni fishi ya chombo alichokibeba. Sisi tunauliza: kililia? Kwa kipimo gani? Wenzake wa zamu ile walikuwa wapi? Kama shahidi huyo amegawanywa vipande viwili, na kipande tulichoonyeshwa kinasema hakuna kitu, tutampa mtu dawa ya malaria na kumrudisha mahali pale pale penye sumu.

Zamani wachimbaji wa Uingereza walishuka na ndege mdogo katika kizimba, kwa shauri la mtaalamu John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya migodini tangu miaka ya 1890. Ndege akianguka, watu walikimbia. Mwaka 1986 serikali yao ilitangaza kwamba vyombo vya kisasa vitachukua nafasi ya ndege. Vyombo vinashinda ndege kwa mambo mengi. Lakini ndege mmoja alikuwa ndege mmoja. Hakuna aliyemwona mzima katika orodha huku amekufa ndani ya kizimba.

KUFUTA SI KUUNGANISHA

Nimesikia wengine wakisema: «Fishi ya zamani ni takataka, ifuteni, yatosha.» Mimi sikubali. Ukiifuta, umetupa pamoja nayo siku zote ambazo chombo kililia na majina ya waliokuwa wamekibeba. Huyo anayeumwa kichwa leo, historia yake iko humo. Lazima fishi mbili ziunganishwe, yaani yote yaliyoandikwa katika moja yahamie katika nyingine, ndipo ile tupu ifungwe.

Na kuunganisha kwa kukisia ni hatari kama kufuta. Vyombo viwili vya fabrika moja, rangi moja, umbo moja, vinafanana kama mapacha. Ukiwaunganisha mapacha, mmoja anatoka katika orodha, anaendelea kushuka shimoni, na hakuna tena anayemwita kupimwa.

Sisi Wakongomani jambo hili tunalijua. Mwaka 2018 tume ya uchaguzi, CENI, ilisafisha orodha ya wapiga kura. Watu zaidi ya 46,000,000 walikuwa wameandikwa. Baada ya kusafisha walibaki 40,287,387. Zaidi ya 5,000,000 ya majina yaliyoondolewa yalikuwa ya kuandikwa mara mbili au zaidi. Jina peke yake halitoshi kwa kazi hiyo, maana mtu wa Mangobo na mtu wa Lubunga wanaweza kuitwa jina moja na wasiwe ndugu. Ndiyo sababu alama za vidole zinatafutwa. Na alama ya kidole ya chombo ni ile namba ya fabrika iliyopigwa mgongoni mwake. Haiwezi kusomwa na mtu aliyekaa ofisini wakati chombo kiko shimoni.

NJIA NINAYOIONA KUWA NJEMA

1. Chombo kiletwe mezani. Hakuna kuunganisha bila chombo mkononi.

2. Isomwe namba ya mgongoni, na ile inayotokea kwenye kioo chombo kinapowashwa. Kama hazifanani, karatasi ya fundi itafutwe.

3. Anayekibeba kila siku aitwe na kuulizwa. Yeye anajua kilianguka lini, kilitengenezwa lini, kinalia wapi.

4. Fishi inayobaki ipokee historia yote ya nyingine, na namba ya zamani iandikwe ndani yake, ili anayetafuta kesho aikute.

5. Kama tarehe za kupimwa zinapingana, tusichague ile inayotupendeza. Chombo kipimwe upya siku hiyo hiyo, kabla ya kushuka.

6. Watu wawili watie sahihi, karani na mtu wa usalama. Kisha vyombo vyote vihesabiwe, vya rafuni na vilivyo shimoni, na hesabu ilingane na ya kompyuta.

Wakubwa wengine wataona kazi hii inachelewesha zamu. Kweli, inachukua dakika. Lakini tusisahau kwamba orodha ilifanywa kwa ajili ya mtu aliye shimoni, siyo mtu kwa ajili ya orodha.

NANYI MNA SEHEMU YENU

Ndugu mfanyakazi, ijue namba ya chombo chako kama unavyojua matrikule yako. Usibandue karatasi yake. Usiazimane na mwenzako bila kumwambia karani. Kijaribu kwa gesi kila siku kabla ya kushuka. Kikilia, toka kwanza, uliza baadaye. Na useme, hata kama umesikia nafuu.

Mama wa nyumba, bwana akirudi na kichwa kinachouma, muulize: wenzako nao? Kama wawili au watatu wa zamu moja wanaumwa siku moja, msinunue dawa sokoni. Njooni wote pamoja, mlete na namba za vyombo. Na nyumbani msilale na jiko la makala likiwaka ndani, wala kuwasha jenereta chumbani umeme ukikatika. Pia waonyeni ndugu zetu wanaochimba wenyewe dhahabu na almasi katika Tshopo: wasishushe mashine ya kuvuta maji ndani ya kisima. Sumu ni ile ile, nao hawana chombo cha kuwaonya.

Ninaloomba kwa wakubwa ni jambo moja: siku ya kusafisha orodha ya vyombo, wanaovibeba waitwe, na mtu wa dispanseri akae mezani. Fishi iliyo sawa haiponyi mgonjwa. Lakini inatuambia anaumwa nini, na ni nani mwingine wa kumtoa shimoni kabla ya giza.