Uchaguzi wa Marekani na robota la mtumba

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 2024, Wamarekani wakiwa bado wanahesabu kura, nilipigiwa simu na dada mmoja anayeuza mitumba Gisenyi. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake miaka ya tisini, na mpaka leo hesabu zake za biashara anazipiga kwa Kiswahili. Alikuwa na swali moja: “Kaka, huyu Trump akirudi, robota litapanda au litashuka? Hela niliyo nayo ni ya ada ya watoto. Nikiiweka kwenye mzigo, sina nyingine.”

Usiku ule sikumjibu sawasawa. Nilikuwa na usingizi, na swali lenyewe lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana.

Kwa dada huyu, kama kwa wafanyabiashara wengi wanaovuka Petite Barrière kila asubuhi, habari ni fupi. Rwanda ilikataa chagua, Trump akakasirika, akatuadhibu, nguo zikapanda bei. Kwa hiyo mwaka 2020 aliposikia Joe Biden ameshinda, alikaa miezi kadhaa akisubiri bei ishuke. Haikushuka. Nilipomuuliza anadhani ni kwa nini, alisema labda Biden ni mzee, amesahau.

Biden hakusahau. Bei ile haikuwa yake, wala haikuwa ya Trump. Ikumbukwe kwamba mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mjini Arusha kuachana na nguo kuukuu hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vipate kupumua. Mwaka huohuo Kigali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Hiyo ni mara 12 na nusu. Wakati huo Ikulu ya Marekani alikuwamo Barack Obama, na Trump alikuwa bado anazunguka kuomba kura.

Marekani iliingia baadaye, kwa mlango ambao wengi wetu hatuutazami. Mwezi Novemba 2016 Trump alipata kura 304 za wajumbe, na Hillary Clinton 227, ingawa mama huyu alimzidi kwa kura za wananchi karibu milioni 2.9. Kilichoamua ni majimbo matatu, Michigan, Pennsylvania na Wisconsin, ambayo Trump aliyachukua kwa tofauti isiyofika kura 80,000 kwa jumla. Ni majimbo ya viwanda, na watu wake waliahidiwa kwamba kila nchi inayoifungia Marekani mlango itakiona cha moto. Mtu aliyeshinda kwa ahadi ya namna hiyo lazima atafute mtu wa kuitekeleza.

Hapa inafaa nieleze jambo kwa waliokulia Tanzania, maana wamezoea waziri kuwa mbunge. Marekani ni kinyume. Ukiwa seneta na rais akikuteua waziri, unaacha useneta kwanza, kama alivyofanya Hillary Clinton mwaka 2009 na Marco Rubio mwaka 2025. Wizara ziko 15, na jina la waziri ni lazima lipite Baraza la Seneti. Wengine hupita kwa kishindo: Rubio alipata kura 99, hakuna aliyempinga. Wengine huponea chupuchupu. Pete Hegseth wa Ulinzi alipata 50 kwa 50 mwezi Januari 2025, na Makamu wa Rais J. D. Vance akaja kupiga kura ya kuamua.

Vyombo vyetu vya habari huwafuata hao, wa Ulinzi na wa Mambo ya Nje. Kiti kilichogusa nguo zetu hakimo hata katika hizo wizara 15. Kinaitwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, ofisi iliyoanza enzi za Rais Kennedy, na mwenye kiti hicho huketi na mawaziri kama mwenzao. Mwaka 2017 alikalia kiti hicho Robert Lighthizer, mzaliwa wa Ashtabula, mji wa bandari huko Ohio, mwanasheria aliyetumia miaka mingi kuyatetea makampuni ya chuma dhidi ya bidhaa za nje. Seneti ilimpitisha mwezi Mei kwa kura 82 dhidi ya 14.

Malalamiko alikuwa amewekewa mezani tayari. Mwezi Machi chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilikuwa kimeandikia ofisi hiyo kwamba Afrika Mashariki inawaharibia soko. Mwezi Juni ofisi ikatangaza kuzichunguza Rwanda, Tanzania na Uganda. Kenya ilikuwa imeshajitoa katika mpango ule. Fimbo ilikuwa AGOA, sheria iliyotiwa saini na Bill Clinton mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Sheria hiyo ilimpa rais uwezo wa kupima kila mwaka nani anastahili na nani hastahili.

Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilikataa, na kuanzia mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikaanza kutozwa ushuru zikiingia Marekani. Kwa mujibu wa ofisi ya Lighthizer yenyewe, biashara iliyoguswa ilikuwa ya dola milioni 1.5 hivi kwa mwaka, kama asilimia 3 ya mauzo ya Rwanda huko. Ni fedha ndogo. Kwa maoni yangu, adhabu ile ililengwa zaidi kwa majirani waliokuwa wanatazama kuliko kwa Kigali.

Na hapo ndipo mpaka ulipobadilika. Kampala mitumba ikaendelea kuwa rahisi kwa sababu Uganda iliogopa fimbo. Goma ilikuwa rahisi kwa sababu Congo haikuwamo katika Jumuiya wakati ule. Kigali ikawa ghali. Kila mtu wa Gisenyi anawajua akina mama waliovuka kwenda Goma wembamba asubuhi na kurudi wanene jioni, blauzi tano mwilini na sketi tatu. Tulicheka, lakini waliokamatwa walipoteza mtaji wote. Kama Washington ilichangia kitu katika maisha ya mchuuzi wa mpakani, basi ni hiki: ilizizuia nchi za jirani kupanda pamoja na Rwanda, na magendo yakapata faida.

Sasa turudi kwa Biden. Mwakilishi wake wa Biashara, Katherine Tai, alipita Seneti mwezi Machi 2021 kwa kura 98 bila kupingwa. Adhabu ya nguo za Rwanda aliikuta, na alipoondoka Januari 2025 aliiacha palepale. Tena Biden naye aliishika fimbo ileile: kuanzia Januari 2024 Uganda ilitolewa katika AGOA kwa madai ya kuvunja haki za binadamu. Obama alikuwa ameitoa Burundi Januari 2016, baada ya ghasia za muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza. Marais watatu, vyama viwili, sababu mbalimbali, na majirani watatu waliokula fimbo moja. Ndiyo maana nawashangaa wanaogombana vijiweni wakisema Democratic ni wetu, Republican si wetu.

Mwaka 2025 kiti kile kilikwenda kwa Jamieson Greer, ambaye alikuwa mkuu wa wasaidizi wa Lighthizer. Seneti ilimpa kura 56 dhidi ya 43. Mwezi Aprili mwaka huo Trump alitangaza ushuru wa asilimia 10 kwa nchi nyingi, zetu zikiwamo, na 11 kwa Congo, hatua ambayo nayo ilifika mahakamani.

Asubuhi ya tarehe 6, matokeo yakiwa yanajulikana, nilimpigia dada yule. Nilimwambia ushuru wa robota lake haupangwi Washington, unapangwa Kigali, na mwezi wa kutega sikio ni Juni bajeti inaposomwa, si Novemba. Nilimwambia pia kwamba siwezi kumhakikishia faida. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi miaka minne ile nilimsubiri mzee wa watu bure.”

Alinunua robota moja la nguo za watoto badala ya matatu aliyokusudia. Ada ya muhula wa pili ililipwa Januari.