Mlinzi wa Tumbo Asilazwe Ovyo



Juma lililopita mzee mmoja wa hapa Piyaya alifika ofisini kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Kabla ya kuketi alitoa mfukoni kidonge cha omeprazoli, akakimeza. Nikamwuliza, "Baba, nani aliyekupa dawa hiyo?" Akajibu, "Nanunua dukani, mwanangu. Huu ni mwaka wa pili. Kiungulia kimekwisha, lakini siku hizi naharisha mara kwa mara."

Yafaa sote tuelewe jambo hili, maana si yeye peke yake.

Tumbo la mtu lina maji makali, yaani tindikali. Yanasaidia kuyeyusha chakula, tena yanaua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na maji na maziwa. Yakipanda kooni, ndipo tunapopata kiungulia. Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 1988, hulizuia tumbo lisitengeneze tindikali nyingi. Ni dawa njema, nayo imeponya vidonda vya wengi. Lakini tindikali ni mlinzi wa mlango. Mlinzi akilala, mwizi hupita. Mwaka 2012 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba watumiaji wa dawa za namna hii huweza kupatwa na kuhara kubaya kunakoletwa na kijidudu kiitwacho Clostridium difficile. Tena mtu akiitumia miaka mingi, mwili huweza kupungukiwa na vitamini B12 na madini ya magnesi.

Je, maziwa mgando yanasaidia? Wazee wetu wa Kimasai wanayaita kule naoto, nao husafisha kibuyu kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini. Mwaka 2004 wataalamu walioyapima maziwa hayo huko Kenya waliandika kwamba yamejaa vijidudu vyema vya jamii ya Lactobacillus, ambavyo ndivyo vinavyoyagandisha. Mwaka huohuo akina mama wa Mwanza walianza kutengeneza mtindi wenye vijidudu vyema, wakisaidiwa na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Basi, maziwa haya ni chakula bora cha utumbo. Lakini si dawa ya kiungulia, wala haijathibitika kwamba yanaweza kushika zamu ya mlinzi aliyelala.

Hapa ndipo penye hatari. Maziwa mabichi, hata yakiganda, huweza kubaki na vijidudu vya brusela, viletavyo homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo, au vya kifua kikuu cha ng'ombe. Mwenye kumeza omeprazoli ana kinga ndogo zaidi. Basi fanyeni hivi:

Chemsheni maziwa mpaka yatokote. Yaacheni yapoe yawe vuguvugu. Moto umeua vijidudu vibaya pamoja na vyema. Kwa hiyo pandeni vyema upya kwa kutia vijiko viwili vya mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Tumieni chombo safi kisichotiwa maziwa mabichi. Funikeni, mkiache mahali penye joto hadi kesho yake. Maji ya kunywa nayo yachemshwe.

Wala msiitupe dawa leo kwa hofu. Ukiiacha ghafula baada ya muda mrefu, tindikali huweza kurudi kwa nguvu. Nenda kwa daktari. Kwetu ni Wasso. Huenda shina la ugonjwa ni kijidudu Helicobacter pylori, kilichogunduliwa na Warren na Marshall wa Australia, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huyo hutibiwa kwa dawa za majuma mawili tu, si za miaka. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukishindwa kumeza au ukikonda bila sababu, usingoje siku ya mnada upate gari. Nenda siku hiyohiyo.

Mzee wetu ameahidi kwenda kupimwa kabla ya ubatizo. Nawe msomaji, kama nyumbani mwako yumo anayemeza vidonge hivi, mwulize leo, kwa heshima: ni nani aliyekupa, na tangu lini?