Huku Nangurukuru pesa hupita kwenye simu

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu hisa umezisifu Visa na Mastercard kwa haki: hazikopeshi mtu, huchuma ada kila kadi inapotumika. Lakini hapa njiapanda ya Nangurukuru, abiria wa Lindi, Mtwara na Kilwa Masoko wanalipa taslimu au kwa simu. Kadi hutolewa mfukoni mtu akienda mashine ya benki, basi.

Kwa hiyo mfano wetu wa kweli wa kampuni inayochuma ada za malipo ni Vodacom Tanzania, wenye huduma ya pesa kwa simu, M-Pesa, tangu 2008. Mwaka 2017 waliuza robo ya kampuni kwa umma, Sh850 kwa hisa, wakaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti. Biashara ya miamala iliendelea kukua, na bado bei ya hisa ilikaa chini ya 850 kwa miaka. Julai 2021 ikaja tozo ya serikali kwa miamala ya simu, hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja, watu wakarudi kubeba noti; baadaye ikapunguzwa. Kwa hiyo kuona foleni kwa wakala wa M-Pesa hakutoshi, jamani! Uliza unanunua hisa kwa bei gani, gawio limetoka lini, na sheria inaweza kubadilika vipi.

Wakulima wenzangu wa ufuta, msimu ukilipa, tengeni kwanza ada za watoto na mbegu. Kinachobaki, ambacho hamtakihitaji kwa miaka mitano, ndicho cha hisa. Na msinunue kabla ya kusoma hesabu za kampuni.