Zizi Kwanza, Bunduki Baadaye

Kila mara fisi wanapovunja mazizi katika vijiji vya Chemba, Kondoa au Manyoni, husikika tena hoja ile ile: mwananchi aruhusiwe kununua bunduki ya kisasa, ile inayojijaza risasi yenyewe, ailinde mifugo yake, na siku za mapumziko aitumie kujifunza shabaha. Vijana wengine hufika mbali zaidi, wakaulizana ni ipi kati ya bunduki za namna hiyo imfaayo mtu anayeanza. Swali lao tunaliheshimu. Mfugaji aliyeamka alfajiri akakuta mbuzi wake wametapakaa matumbo wazi hastahili kubezwa na mtu aliyelala mjini nyuma ya mlango wa chuma. Hata hivyo, hapana budi tuseme wazi kwamba bunduki hiyo haitamfaa, wala sheria haimpi nafasi ya kuichagua.

Bunduki ya nusu-otomatiki si kitu kigeni katika nchi hii. Ni ile ambayo kila kidole kinapovuta kifyatulio hutoka risasi moja, na nyingine hupanda chemba bila ya mkono kukoki. Wananchi wengi waliiona kwa mara ya kwanza kwa jina la SAR, yenye risasi 10 katika magazini yake, mikononi mwa mgambo na walinzi wa mali ya umma. Ilibuniwa kwa ajili ya askari anayekabiliana na askari mwenziwe. Ndiyo maana tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilipotia saini Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo, zilikubaliana kupiga marufuku kabisa raia kumiliki raifo za otomatiki na za nusu-otomatiki. Waliotia saini walikuwa wanatoka katika miaka ya vita vya Rwanda, Burundi na Kongo, na walijua silaha hizo hupita wapi zinapotoka mikononi mwa dola. Nasi wa uwanda wa kati tulikuwa na somo letu: baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, wezi wa ng'ombe wakazipata, na wanavijiji wa Shinyanga na Tabora wakajiundia Sungusungu kwa pinde na mishale.

Tuseme sasa kwamba sheria isingekuwepo. Je, ingemfaa mfugaji? Fisi huja usiku wa giza, huingia katikati ya ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe kuna nyumba walimolala watoto. Risasi ya raifo haisimami kwenye ua. Husafiri zaidi ya kilomita moja ikitafuta pa kutua. Mtu mwenye risasi 10 za haraka na hofu kifuani atazimaliza zote, na asubuhi atahesabu ng'ombe aliowaua mwenyewe. Kwa simba mambo ni mabaya zaidi. Katika uwindaji wa kitalii nchini mwetu, mgeni hawindi simba kwa bunduki iliyo chini ya kipimo cha .375, wala haruhusiwi kuja na nusu-otomatiki. Risasi ya SAR ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Itamjeruhi, naye ataingia kichakani akimsubiri atakayemfuata, aghalabu kijana wa kijiji mwenye rungu.

Mwenye haja ya kweli ya silaha, na aliyetimiza masharti ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anayo njia. Bunduki ya marisau hutosha kufukuza mnyama karibu na zizi, na raifo ya kukoki kwa mkono humfundisha mlengaji subira kuliko ile inayojijaza. Gobore lisilo na kibali tusilitaje. Mahali pake ni kituo cha polisi.

Kwa wasomaji wetu wa Visiwani, jambo hili linaweza kuonekana la bara tu. Sivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, katika kampeni iliyochukua jina la mganga Kitanzi, chui wa Unguja alisakwa akituhumiwa kuwa ni mnyama wa wachawi. Wasasi hawakuhitaji silaha ya ajabu, na leo watafiti wengi wanamhesabu chui yule kuwa ametoweka. Huku bara fisi naye hutuhumiwa vivyo hivyo, na tuhuma hukimbia kuliko ushahidi.

Lakini lililo baya kuliko bunduki halitoi mlio. Mwezi Februari 2018, katika eneo la Ruaha, simba 6 na tai 74 walikufa kwa mzoga uliotiwa sumu. Atiaye sumu mara nyingi ni mtu aliyekwisha kukata tamaa, aliyeita msaada ukafika mnyama amekwisha kuondoka. Hapa ndipo tunapowageukia viongozi. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa na mnyama hatari. Fedha hizo hazizuii kifo kinachofuata. Watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990 hadi 2004, wengi wao kusini, na wakaonyesha kwamba baadhi walikuwa wamelala mashambani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu. Watu hao walihitaji mahali salama pa kulala na askari wa wanyamapori aliye karibu.

Wagogo walilijua hili zamani. Tembe ilijengwa kuzunguka ua, na mifugo ikalazwa humo humo, ukuta wa udongo pande zote. Operesheni Dodoma ya 1971 ilikusanya watu ili wafikiwe na shule, zahanati na maji, na hilo lilikuwa jema. Lakini mara nyingi ua wa tembe haukuhama nao, na mifugo ikabakia na boma la miiba, ambalo fisi hulipenya akipata tundu. Jirani zetu wa Simanjiro wamelitengeneza upya wazo hilo kwa ukuta hai: miti ya asili hupandwa kuwa nguzo, wavu wa waya hufungwa baina yake, na miti inapokua ukuta huzidi uimara. Katika vijiji vya Ruaha nako mazizi yameimarishwa kwa waya.

Waya ni ghali kwa mfugaji mdogo, hilo tunalikubali. Hata hivyo, tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunapendekeza kwa wakurugenzi wa wilaya zinazopakana na mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi na Kizigo kwamba vikundi vya vijana vikopeshwe mashine za kusuka wavu, na vijiji vilivyovamiwa mara nyingi viwe wanunuzi wa kwanza, kabla ya masika ijayo.