Msomaji Mlangoni: Funzo la Mkutano wa Mashabiki wa Bunilizi za Kisayansi, New York 1939

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno "shabiki" halina heshima kubwa. Shabiki ni mtu wa kandanda na wa taarab; fasihi andishi, inadhaniwa, ina mwandishi, ina mhakiki, na ina mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Msomaji asomaye kwa kupenda tu, asiyetahiniwa wala kulipwa, hutajwa kwa jina la jumla la "hadhira", kisha husahauliwa. Makala haya yanadai kuwa kusahauliwa huko kuna gharama, na kwamba gharama hiyo humwangukia mwandishi mwenyewe. Ili kulipa dai hilo uzito, yanaichunguza jamii moja ya wasomaji iliyojijenga nje ya vyuo vikuu, yaani mashabiki wa bunilizi za kisayansi nchini Marekani, na hasa siku tatu ambazo kijana mmoja aliyetamani kuwa mwandishi alizitumia miongoni mwao mjini New York, mwezi Julai 1939.

Kwa bunilizi za kisayansi inakusudiwa hapa nathari inayojengwa juu ya uvumbuzi ambao haujapatikana bado, na inayouliza binadamu angeishi vipi iwapo ungepatikana. Utanzu huu ulipata jarida lake la kwanza la Kiingereza mwaka 1926, pale Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories. Jambo ambalo wahakiki hulipita haraka ni kwamba jarida hilo lilichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji ambao kila mmoja alijiona yu peke yake wakapata wenzao. Wakaandikiana moja kwa moja, wakaunda vilabu, wakachapa vijarida vyao kwa mashine za mkono, na hatimaye wakataka kuonana. Mwezi Januari 1937 walikutana wachache mjini Leeds, Uingereza. Miaka miwili baadaye ukaja mkutano wa New York, ulioitwa wa dunia. Jina hilo la fahari lilitokana na Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yakifanyika mjini humo mwaka huo huo. Ama kwa hesabu, waliohudhuria walikuwa kiasi cha watu 200 tu.

Siku tatu za New York

Mkutano ulianza Jumapili ya tarehe 2 Julai ukamalizika Jumanne ya tarehe 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Miongoni mwa waliofika alikuwamo Ray Bradbury, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19. Alikuwa ametoka Los Angeles kwa basi, akaivuka nchi nzima kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, kwa fedha alizokopeshwa na shabiki mwenzake, Forrest Ackerman. Hadithi zake zilikuwa zimetoka katika vijarida vya mashabiki, na alikuwa hajawahi kulipwa senti moja kwa hata mojawapo.

Alichobeba ni michoro ya rafiki yake, Hannes Bok, ambaye hakuweza kusafiri. Bradbury aliipeleka kwa mhariri wa Weird Tales, naye akaipenda. Kufikia Desemba mwaka huo kazi ya Bok ilikuwa kwenye jalada la jarida hilo. Ukumbini alikuwamo pia Isaac Asimov, mwenye umri wa miaka 19, ambaye hadithi yake ya kwanza ilikuwa imechapishwa miezi michache tu kabla. Mgeni wa heshima alikuwa mchoraji, Frank R. Paul. Ilionyeshwa filamu ya Metropolis ya mwaka 1927. Ackerman na Myrtle Jones walitembea mjini wakiwa wamevaa mavazi ya karne zijazo, yaliyoshonwa na Jones mwenyewe, na tangu hapo mavazi ya namna hiyo yamekuwa sehemu ya mikutano hii.

Mhakiki mkali atauliza: hayo yote yana uhusiano gani na fasihi? Mavazi na filamu ni burudani, na kijana kubeba michoro ya rafikiye ni ukarimu wa kawaida. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fasihi ingetokana na vipawa pekee. Lakini kipawa huhitaji mahali pa kujaribiwa. Katika ukumbi ule mhariri, mwandishi aliyekwisha kuchapishwa, na msomaji aliyekuwa akitafuta ujasiri wa kuandika walikalia viti vya aina moja. Bradbury hakuuza hadithi siku zile. Alichopata ni kuzijua sura za watu ambao wangemsoma na ambao wangemkataa, na kujua kuwa hata anayekataa kazi yake anaweza kumweleza kwa nini. Miaka miwili baadaye, mwezi Novemba 1941, hadithi aliyoiandika pamoja na Henry Hasse ilichapishwa katika Super Science Stories, nayo ndiyo ya kwanza iliyompatia malipo.

Nadharia ya upokezi inatufundisha kuwa maana ya matini hukamilishwa na msomaji. Siku tatu hizo zinatuongoza hatua moja mbele: zipo jamii ambamo msomaji humlea na mwandishi pia.

Mlango na walioachwa nje

Hata hivyo, ingekuwa udanganyifu kuusifu mkutano huo bila kuutazama mlango wake. Siku ya kwanza vijana sita walizuiwa kuingia. Walikuwa wa klabu ya Futurians, yenye mwelekeo wa siasa za mrengo wa kushoto na yenye ugomvi wa muda mrefu na waandaaji. Waandaaji walihofia kuwa wangegawa vipeperushi na kuuvuruga mkutano. Miongoni mwa waliobaki nje walikuwamo Frederik Pohl, Cyril Kornbluth na Donald Wollheim, majina ambayo leo hakuna historia ya utanzu huu inayoweza kuyaacha. Super Science Stories, jarida lililompatia Bradbury malipo yake ya kwanza, lilianzishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa Pohl huyo huyo. Waliofunga mlango walidhani wanawafukuza wakorofi, kumbe walikuwa wanawafukuza wahariri wa kesho.

Milango mingine haikuhitaji bawabu. Tuzo ya Hugo, ambayo hutolewa kwa kura za wanachama wa mkutano, ilianza mwaka 1953. Ile ya riwaya bora haikumfikia mwandishi mweusi hadi N. K. Jemisin alipoipata mwaka 2016, kisha akaipata tena mwaka 2017 na 2018. Mwaka huo huo wa 2016 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda tuzo ya riwaya fupi kwa Binti, kazi ambayo jina lake halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Na kosa la mlango halikuisha. Baada ya mkutano wa Chengdu, China, wa mwaka 2023, takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kuwa kazi kadhaa zilizopata kura za kutosha za uteuzi, ikiwamo riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, ziliondolewa bila maelezo yoyote.

Je, visa hivi havivunji hoja ya makala haya? La. Kila mara wasomaji walipiga kelele. Waliandika, walidai takwimu, na baada ya Chengdu baadhi ya wahusika walilazimika kujiuzulu. Watu hawagombanii kisicho chao. Ugomvi wa mashabiki, pamoja na udhia wake wote, ni ushahidi kuwa fasihi hiyo ina wenyewe.

Hadhira ya riwaya ya Kiswahili

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza mambo ya New York yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu Kiswahili kilikuwa na chombo kinachofanana na safu ya barua ya Gernsback hata kabla yake. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na katika kurasa zake washairi wa miji mbalimbali waliulizana na kujibizana kwa beti. Mtu alimjua malenga wa mji wa mbali kwa jina na kwa mtindo kabla ya kumwona uso. Mashairi ya Shaaban Robert nayo yalipata wasomaji humo. Ushairi wetu ulipata jamii yake kwa njia hiyo, na bado watu wanaogombana kwa dhati juu ya vina na mizani hawahitaji kulazimishwa na mtaala.

Riwaya haikubahatika hivyo. Kwa kiasi kikubwa iliingia kwa mlango wa shule, na msomaji wake wengi hukifunga kitabu siku anapofunga karatasi ya mtihani. Ubunifu haukukosekana. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, inamtia mhusika wake aliyehukumiwa kifo katika chombo cha angani na kumfikisha katika jamii iliyopangwa kwa misingi mingine kabisa. Wahakiki wameijadili kazi hiyo kwa makini, hasa falsafa na siasa zake. Lakini ni wapi ambapo kijana wa Malindi au Morogoro, aliyeisoma usiku kucha na kutamani kuandika yake, anaweza kukutana na mwingine aliyefanya vivyo hivyo? Katika makongamano yetu husomwa makala juu ya riwaya. Mwandishi, akialikwa, huulizwa dhamira yake. Msomaji wa kawaida hajui hata kama kuna kongamano.

Inapendekezwa basi kuwa idara za Kiswahili zitoe, kwa kuanzia, ukumbi wao kwa mwisho wa juma mmoja kila mwaka, kisha zijizuie kuutawala. Mikutano ya mashabiki huendeshwa na watu wanaojitolea. Anayelipa kiingilio huhesabiwa kuwa mwanachama mwenye kura, na wanachama hao ndio wanaochagua hata mji wa mkutano ujao. Ada ndogo inayotoka mfukoni mwa msomaji humfanya mwenyeji. Vyeo vibaki nje: profesa aketi pale atakapopata kiti. Kura zozote zitakazopigwa zihesabiwe hadharani, ili kosa la Chengdu lisijirudie kwetu. Na mlangoni asiwekwe mtu wa kuamua nani ni msomaji wa kweli.

Hitimisho

Ipo hatari, na haifai kufichwa, kwamba mashabiki humpenda mwandishi kwa kile alichokwisha kuwapa na humwadhibu anapobadilika. Mwandishi anayewasikiliza wao pekee atajirudia. Lakini mwandishi anayesikilizwa na watahini pekee yumo katika hatari iliyo kubwa zaidi, kwani mtaala unapobadilishwa yeye hubaki bila mtu.

Mwaka 1953 kijana yule wa basi la Los Angeles alichapisha Fahrenheit 451, riwaya juu ya nchi inayochoma vitabu. Vitabu hivyo havihifadhiwi na maktaba wala na chuo. Huhifadhiwa na watu wa kawaida, kila mmoja akiwa amekariri kitabu alichokipenda. Riwaya ya Kiswahili nayo inawahitaji watu hao, na hatua ya kwanza ya kuwapata ni kuwafungulia mlango waingie, waketi, waanze kubishana.