Kitanda Hakimhesabu Asiyefika

Ramani ya viwango vya kulazwa hospitalini ina hila yake. Kata yenye rangi hafifu huonekana kuwa na watu wenye siha. Nikiitazama Busunzu, wilayani Kibondo, huuliza kwanza: nani ameandikwa?

Kitabu cha MTUHA humwandika aliyefika. Mama aliyekosa nauli ya bodaboda, akamuuguza mwanawe malaria nyumbani, hayumo. Aliyekwenda kulazwa Kasulu huongeza hesabu ya Kasulu, ilhali Sensa ya 2022 ilimhesabu Kibondo.

Jambo hili si geni. Katikati ya karne ya 19, daktari Edward Jarvis alionyesha kwamba huko Massachusetts, Marekani, kadiri watu walivyoishi mbali na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, ndivyo walivyolazwa wachache. Maradhi hayakupungua kwa umbali. Zilizopungua ni safari.

Wanatakwimu wanayo dawa, japo haiponyi yote. Katika kata ndogo, ambako wagonjwa watano tu waweza kupindua kiwango cha mwaka, modeli huazima taarifa za kata jirani. Kisha huzingatia umri, umbali na barabara za masika. Hata hivyo, haiwezi kumbuni asiyeandikwa popote.

Ndiyo maana napinga mgao wowote wa dawa na watumishi unaofuata idadi ya waliolazwa peke yake. Humwongezea aliye karibu, humpunguzia aliye mbali, na mwaka ujao ramani hiyohiyo huletwa kama ushahidi. Kabla ya kuipaka rangi Busunzu, waulizwe wahudumu wa afya wa vijijini: mwaka huu mmezika wangapi ambao hawakufika hospitali?